Hifadhidata ya sheria za vita ya Msalaba Mwekundu: je, ina majibu kuhusu silaha mpya?

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, yenye makao yake Geneva, inaendesha mtandaoni hifadhidata ya sheria ya kimataifa ya kibinadamu, yaani sheria za vita, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bila kulipa wala kujisajili. Ndani yake mna sehemu tatu kubwa: mikataba pamoja na orodha ya nchi zilizoiridhia, utafiti wa sheria za kimila, yaani kanuni zinazotokana na mazoea ya mataifa na zinazoyafunga hata bila kuridhia mkataba, na mkusanyiko wa sheria na hukumu za nchi mbalimbali. Mimi huitumia katika kufundisha, na tathmini hii inahusu swali ambalo wanafunzi huniuliza mara nyingi kuliko mengine: je, mtu anayetaka kujua sheria inasema nini kuhusu droni, mashambulizi ya mtandaoni au silaha zinazojichagulia shabaha, atapata jibu humo? Kwa maoni yangu atapata mengi kuliko anavyotarajia, lakini itambidi kwanza abadili namna yake ya kuuliza.

Watu wengi huingia wakitafuta mkataba wa droni. Hawaupati, kwa kuwa haupo, na baadhi yao huondoka wakiamini kwamba sheria imepitwa na wakati. Orodha ya mikataba yenyewe inaonyesha kwa nini hitimisho hilo ni la haraka. Mwaka 1899 nchi zilizokutana The Hague zilipiga marufuku, kwa muda wa miaka mitano tu, kurusha makombora na vilipuzi kutoka kwenye maputo. Mwaka 1907 marufuku hiyo ikafanywa upya hadi mwisho wa Kongamano la Tatu la Amani, kongamano ambalo halikuwahi kufanyika, na vita vya angani vikaja bila kuisubiri. Ukilinganisha azimio hilo na Itifaki ya Ziada ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva ya kulinda wahanga wa vita, ambayo haitaji maputo wala droni bali inauliza nani anashambuliwa, kwa njia gani na kwa madhara kiasi gani, utaona kwamba kanuni inayoshika matendo na madhara yake hudumu kuliko ile iliyofungwa kwenye chombo kimoja. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema jambo hilo waziwazi mwaka 1996 katika maoni yake kuhusu silaha za nyuklia: sheria hizi zinahusu silaha zote, za zamani, za sasa na za baadaye.

Kwa hiyo nashauri msomaji aanze na ibara ya 48 hadi ya 58 za Itifaki hiyo, na asome polepole. Humo ndimo yaliyomo masharti ya kutofautisha raia na wapiganaji, katazo la shambulizi ambalo madhara yake kwa raia yanatarajiwa kupita kiasi yakilinganishwa na manufaa ya kijeshi, na wajibu wa kuchukua tahadhari. Ibara ya 57 ndiyo inayonirudisha kwenye hifadhidata hii kila mara. Inawataka wanaopanga au kuamua shambulizi kufanya kila linalowezekana kuthibitisha kwamba wanaolengwa si raia wala mali za kiraia. Ukihamia kwenye orodha ya nchi zilizoridhia na kufungua tamko la Uingereza, utakuta nchi hiyo imeeleza kwamba linalowezekana ni lile linaloweza kutendeka kwa vitendo, kwa kuzingatia hali zote za wakati ule, za kibinadamu na za kijeshi. Ukiunganisha maandishi hayo mawili unapata jambo ambalo watetezi wa teknolojia mpya hulisema kwa sauti ya chini: kadiri jeshi linavyokuwa na kamera bora, muda mrefu wa kutazama na uwezo wa kuahirisha shambulizi, ndivyo kile linachoweza kukithibitisha kinavyopanuka, na wajibu wake unapanuka pamoja nacho.

Mfano mmoja unatosha kupima hoja hiyo. Tarehe 29 Agosti 2021 droni ya Marekani ilirusha kombora kwenye gari jeupe mjini Kabul baada ya kulifuatilia kwa takribani saa nane. Waliouawa walikuwa raia 10, saba kati yao wakiwa watoto, na vyombo vya maji vilivyopakiwa garini vilikuwa vimedhaniwa kuwa vilipuzi. Jeshi la Marekani lilikiri kosa hilo tarehe 17 Septemba. Mtu akiuliza kama droni ni silaha halali, kisa hiki hakimpi jibu lolote la maana. Akiuliza ni nini kilifanywa katika saa hizo nane ili kuthibitisha nani yumo garini na nani yumo nyumbani gari lilikokuwa likiingia, sheria inaanza kuzungumza. Hata hivyo hifadhidata inamwonyesha mara moja kikwazo cha kwanza: Marekani ilitia saini Itifaki ya mwaka 1977 lakini haijairidhia, na Itifaki yenyewe ilitungwa kwa ajili ya vita baina ya mataifa.

Hapo ndipo sehemu ya sheria za kimila inapoonyesha thamani yake. Utafiti huo uliochapishwa mwaka 2005 una kanuni 161, na kwa kila kanuni unaeleza kama inatumika katika vita vya kimataifa, katika vita vya ndani, au katika vyote viwili, kisha unaweka chini yake ushahidi uliotumika: miongozo ya majeshi, kauli za serikali, hukumu za mahakama. Kanuni ya 16 inarudia wajibu wa kuthibitisha shabaha na kuueleza kuwa unazifunga pande zote katika aina zote mbili za vita. Kanuni ya 14 inafanya vivyo hivyo kuhusu uwiano, yaani ulinganisho wa madhara kwa raia na manufaa ya kijeshi. Msomaji wa kisa cha Kabul hahitaji tena kukwama kwenye suala la nani aliridhia nini. Anapaswa kujua, hata hivyo, kwamba utafiti huu una wapinzani. Mwaka 2006 serikali ya Marekani iliandika kupinga namna ushahidi ulivyopimwa, ikisema kwamba miongozo na kauli vilipewa uzito mkubwa mno kuliko yale ambayo majeshi yanayatenda kweli vitani. Nadhani katika baadhi ya kanuni lawama hiyo ina mashiko, hasa zinazohusu vita vya ndani, ambako ushahidi ni haba. Lakini kwa kuwa ushahidi wenyewe umewekwa wazi, msomaji anaweza kuupima mwenyewe, na huo ni uaminifu ambao vitabu vingi vya sheria havina.

Kanuni ya 86 ni fupi na wengi huipita bila kuisoma, ingawa ndiyo inayofundisha mengi zaidi kuhusu silaha ambazo bado ziko maabara. Inakataza kutumia silaha za leza zilizobuniwa mahususi ili kupofusha watu kabisa. Katazo hilo lilitoka kwenye Itifaki ya Nne ya Mkataba wa Silaha Fulani za Kawaida, mkataba unaokataza au kuwekea mipaka baadhi ya silaha zinazoumiza kupita kiasi, itifaki iliyopitishwa Oktoba 1995 na kuanza kutumika mwaka 1998, kabla silaha hizo hazijawa za kawaida vitani. Kila ninapoambiwa kwamba sheria daima hufika baada ya maiti kuhesabiwa, ndiyo ninayoitaja. Nchi zilikubali kwa sababu madaktari na wanasheria walieleza mapema, kwa undani, maisha ya mtu aliyepofushwa yatakavyokuwa, na kwa sababu hakuna jeshi lililokuwa limekwisha kujenga mipango yake yote juu ya silaha hizo. Sharti hilo la pili ni gumu kulitimiza leo katika mambo ya akili mnemba.

Hifadhidata inapungukiwa zaidi katika mashambulizi ya mtandaoni, na upungufu huo una tarehe. Ufafanuzi wa Itifaki ya mwaka 1977, ibara kwa ibara, ulichapishwa mwaka 1987. Ni kazi ya kina inayosaidia sana kujua wajumbe wa mkutano walibishania nini, lakini iliandikwa kabla intaneti haijaingia katika maisha ya watu. Fafanuzi mpya za Mikataba ya Geneva, ya Kwanza mwaka 2016, ya Pili mwaka 2017 na ya Tatu mwaka 2020, zinazungumzia operesheni za mtandaoni, hususan suala la kama zinaweza peke yake kuanzisha vita kisheria. Ila kanuni za mashambulizi hazimo katika Mikataba hiyo. Zimo katika Itifaki, na huko ndiko ufafanuzi ulikozeeka.

Tuchukue tukio la tarehe 24 Februari 2022. Muda mfupi kabla majeshi ya Urusi hayajavuka mpaka na kuingia Ukraine, mtandao wa setilaiti wa kampuni ya Viasat ulishambuliwa, na makumi ya maelfu ya modemu nchini Ukraine na kwingineko Ulaya zikaacha kufanya kazi. Nchini Ujerumani, mitambo ya upepo ipatayo 5,800 ilipoteza mawasiliano ya kuisimamia kutoka mbali, ingawa iliendelea kuzalisha umeme. Mwezi Mei mwaka huo Umoja wa Ulaya, Uingereza na Marekani zililitaja taifa la Urusi kuwa ndilo lililohusika. Sasa mtu afungue ibara ya 49, inayosema kwamba shambulizi ni kitendo cha matumizi ya nguvu dhidi ya adui. Je, modemu iliyofutwa kumbukumbu yake imeshambuliwa kwa maana hiyo? Na kama imeshambuliwa, je, mkulima au zahanati iliyokosa mawasiliano inahesabiwa katika mizani ya uwiano, wakati ibara ya 51 inataja vifo vya raia, majeraha na uharibifu wa mali za kiraia, bila kutaja kukosekana kwa huduma?

Ufafanuzi wa mwaka 1987 haumpi msomaji msaada katika maswali hayo mawili. Itambidi atoke nje ya hifadhidata na kusoma Tallinn Manual, kitabu kilichoandaliwa na wataalamu kwa mwaliko wa kituo cha ulinzi wa mtandao chenye uhusiano na NATO na kutolewa mwaka 2013, kisha kwa toleo la pili mwaka 2017. Wengi wa wataalamu hao waliona kwamba kifaa kikilazimika kubadilishwa kipuri ili kifanye kazi tena, huo ni uharibifu, lakini walio wengi pia hawakuwa tayari kuihesabu data yenyewe kuwa mali inayolindwa. Msimamo huo wa pili unanisumbua. Rejesta za hospitali, za ardhi na za mishahara zikifutwa, jamii inaweza kuumia kwa miaka mingi bila tofali hata moja kuanguka, na sheria inayolinda kabati la mafaili huku ikiacha rekodi zilezile bila ulinzi kwa kuwa zimo kwenye kompyuta imesahau sababu ya kulilinda kabati. Kamati ya Msalaba Mwekundu nayo inatetea ulinzi wa data za kiraia, na mwaka 2019 Ufaransa ilieleza msimamo unaoelekea huko. Vitabu vya wataalamu si sheria, lakini kwa sasa mjadala umo humo, na hifadhidata ingefaa kumwelekeza msomaji huko moja kwa moja kutoka kwenye ibara husika.

Kuhusu silaha zinazojichagulia shabaha, kuna jambo moja la kuzingatia kabla ya kusoma lolote. Mwenye hifadhidata hii ni mshiriki katika mjadala wenyewe. Mwezi Mei 2021 Kamati ilitangaza msimamo wake: zipigwe marufuku silaha zinazojiendesha ambazo athari zake haziwezi kutabirika, na zile zilizoundwa kulenga watu, nyingine zote ziwekewe mipaka ya mahali, muda, aina ya shabaha na usimamizi wa binadamu. Oktoba 2023 Rais wake, pamoja na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, walizitaka serikali zikamilishe mkataba kufikia mwaka 2026. Nakubaliana na msimamo huo karibu wote, lakini mtu anayetafuta sheria kama ilivyo leo anapaswa kuutenganisha na sheria kama Kamati inavyotaka iwe. Hifadhidata yenyewe inalinda mpaka huo vizuri. Makala za maoni ziko sehemu nyingine ya tovuti, na anayetumia injini ya utafutaji kufika huko ndiye anayeweza kuvichanganya.

Na sheria kama ilivyo leo inasema nini? Turudi kwenye ibara ya 57. Wajibu wake wamewekewa wale wanaopanga na kuamua. Hao ni watu: kamanda, ofisa wa shabaha, rubani. Mashine haiwezi kushtakiwa, haiwezi kuulizwa ilifikiri nini, na haiwezi kupima kama manufaa ya kuteketeza ghala moja yanastahili hatari kwa familia inayoishi ukuta wa pili. Kanuni ya 153 inamwajibisha kamanda aliyejua, au aliyekuwa na sababu ya kujua, kwamba walio chini yake wanatenda uhalifu wa kivita asiwazuie. Weka programu mahali pa askari, na swali linakuwa kamanda alikuwa na sababu gani ya kujua, ikiwa hata waliomuuzia mfumo hawawezi kueleza kwa nini ulichagua shabaha hii ukaacha ile. Pengo hili ni halisi, na hakuna kiasi cha kusoma ibara kitakachoweza kuliziba. Mazungumzo ya wataalamu wa serikali kuhusu suala hili yanafanyika Geneva chini ya Mkataba wa Silaha Fulani za Kawaida, ambako maamuzi hufikiwa kwa makubaliano ya wote, na nchi moja inatosha kuyakwamisha. Desemba 2024 azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuhusu silaha hizi liliungwa mkono na nchi 166, huku tatu zikipinga na 15 zikijizuia kupiga kura. Azimio la Baraza Kuu haliifungi nchi yoyote, lakini idadi hiyo inaonyesha kwamba wanaokwamisha ni wachache.

Niseme kwa ufupi kuhusu matumizi. Kurasa ni nyepesi, ibara zimewekewa viungo vya kwenda kwenye ufafanuzi, na matamko ya nchi yanapatikana kwa jina la nchi. Anayesoma kwa Kiswahili atalazimika kutumia Kiingereza, Kifaransa au lugha nyingine kubwa za Umoja wa Mataifa, na lugha ya mikataba ni nzito hata kwa wanaoimudu. Ni vyema kusoma ibara na ufafanuzi wake sambamba. Utafutaji kwa maneno ya kiteknolojia huleta matokeo mengi yasiyohusiana, kwa hiyo ni bora kutafuta kwa namba ya ibara au kanuni.

Sehemu iliyonifikirisha kuliko zote ni ile ya sheria na taratibu za nchi, na nitaieleza kupitia ibara ya 36. Ibara hiyo inaitaka kila nchi iliyoridhia Itifaki, inapochunguza, kubuni, kununua au kuingiza jeshini silaha mpya au njia mpya ya kupigana, iamue kama matumizi yake yatakuwa haramu katika hali fulani au hali zote. Kwa maoni yangu hii ndiyo ibara muhimu kuliko zote kwa teknolojia mpya, kwa sababu inamlazimu mwanasheria kuingia chumbani kabla ya mkataba wa ununuzi kusainiwa. Swali la kama mfumo wa kutambua nyuso unamtambua mtu mwenye ngozi nyeusi usiku kwa usahihi uleule linapaswa kuulizwa hapo. Vivyo hivyo swali la kama droni inayopoteza mawasiliano inarudi, inatua au inaendelea na shambulizi. Aidha, kama programu inajifunza na kubadilika baada ya kukaguliwa, ukaguzi unapaswa kurudiwa, maana silaha iliyoidhinishwa mwanzoni si ileile inayotumika mwaka wa tatu.

Nchi 174 zimeridhia Itifaki. Sweden na Marekani zilikuwa zimekwisha anza ukaguzi wa namna hii mwaka 1974, kabla Itifaki haijapitishwa, na Marekani inaendelea nao hadi leo ingawa haijairidhia. Lakini ukitafuta ushahidi wa nchi nyingine unakuta kidogo sana: ni chache zilizoweka wazi kwamba zina utaratibu wa kudumu, na ibara haimlazimishi yeyote kuchapisha matokeo. Hata utafiti wa kanuni 161 haukuuweka wajibu huu miongoni mwa kanuni za kimila. Uchache huo haupaswi kuhesabiwa kuwa kosa la hifadhidata, kwa kuwa haiwezi kuonyesha ambacho serikali zimekificha. Ila msomaji asidanganywe na wingi wa maandishi yaliyomo katika sehemu nyingine akadhani kwamba na huku mambo yako vizuri. Nchi inayonunua droni zilizotengenezwa kwingine ina wajibu uleule na nchi iliyozitengeneza. Cheti cha muuzaji hakitoshi, na bunge lolote lina haki ya kumuuliza waziri wa ulinzi nani alifanya ukaguzi, lini, na kwa kupima mambo gani.

Naipa huduma hii alama nne kati ya tano. Kwa mwanafunzi wa sheria, mwandishi wa habari za vita, ofisa wa jeshi au mbunge, sijaona chanzo kingine cha bure kinachoweka mkataba, ufafanuzi, kauli za nchi na ushahidi wa kimila mahali pamoja kwa uaminifu huu. Alama moja naizuia kwa sababu ya ufafanuzi wa mwaka 1987, ambao hadi utakapofanywa upya utaendelea kumwacha msomaji peke yake katika masuala ya mtandao. Anayeanza afungue ibara ya 36, atafute jina la nchi yake katika orodha ya walioridhia, kisha ahamie kwenye sehemu ya taratibu za nchi aone kama kuna chochote kilichoandikwa chini ya jina hilo. Asipokuta kitu, barua ya swali kwa mbunge wake ndiyo hatua inayofuata, na ibara yenyewe inaweza kunakiliwa ndani ya barua hiyo neno kwa neno.